Nyuzi Ishirini na Tano za Nafula

Vijana wa idara wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla hawajaja wao na simu zinazopima pembe zenyewe. Nadhani walitarajia niandike juu ya subira na upendo kwa wagonjwa. Hayo yameandikwa kwenye mabango ya ukutani, wakayasome huko. Mimi nitaandika juu ya nyonga, kwa sababu nyonga ndiyo iliyonifundisha kazi. Na nitaandika juu ya Hamisi, kwa sababu nilimwonea wivu kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi zinavyodumu, na hata leo nikimtaja kuna kitu kinanipanda kifuani.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Kakamega. Jina lake naliacha. Idara yetu ya fiziotherapia ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili vya mbao, kamba na mifuko ya mchanga ya kunyanyulia, taa ya joto, na kioo kikubwa kilichopasuka kona. Kila mwanamke mwenye gauni jeupe aliitwa Sista, awe mtawa au mama wa watoto watatu kama mimi. Mkuu wetu alikuwa Mzee Ambani, mtu wa maneno machache na suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakata.

Siku ya kwanza hakunionyesha ofisi wala choo. Alipanda kitandani, akaketi ukingoni, akaning'iniza miguu na kunipa goniomita, kile chombo cha chuma chenye mikono miwili tunachopimia pembe za viungo. "Pima nyonga yangu inazungukaje," akasema. Nikaweka ekseli ya chombo katikati ya kifuniko cha goti, mkono mmoja ukaelekea sakafuni wima, mwingine ukafuata muundi. Nikausukuma mguu wake nje, nikasoma nyuzi thelathini na nane, nikaandika kwa fahari: mzunguko wa nje.

Mzee akaichukua karatasi, akaiangalia, akanirudishia. "Mguu umeenda nje. Paja limeenda wapi?"

Nikashika paja lake, nikausogeza mguu tena. Paja lilikuwa linageukia ndani. Mguu wa chini ukitupwa nje, nyonga inazunguka ndani. Ukiletwa ndani, nyonga inazunguka nje. Kila mwanafunzi hukosea hapo mara moja. Mzee alihakikisha mimi nimekosea saa mbili na nusu asubuhi ya siku ya kwanza, nisije nikakosea mbele ya mgonjwa.

Nguvu za misuli tulizipima kwa mikono, kwa alama kuanzia sifuri hadi tano. Sifuri ni msuli usiotikisika. Tatu ni mtu anayeweza kuinua mguu wake mwenyewe bila msaada, basi. Nne na tano ni pale unapomkandamiza naye akakupinga. Mzee alisema tatu ndiyo alama pekee ya kweli, kwa sababu hizo nyingine zinategemea mpimaji amekunywa chai na nini. Alisema kweli. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wakata miwa, na mkata miwa ukimwambia sukuma, anasukuma. Niliwahi kurushwa mpaka kwenye mifuko ya mchanga na mtu aliyeletwa kwa udhaifu wa nyonga.

Zaidi ya yote Mzee alinifundisha kuangalia udanganyifu. Ukimlaza mtu ubavu umwambie ainue mguu wa juu, msuli wa pembeni ya nyonga ukiwa dhaifu hakwambii. Anageuza mwili nyuma kidogo na kuinua kwa misuli ya mbele ya paja, na wewe unaandika nne ukiwa umefurahi. "Mwili ni kama mtoto aliyetumwa dukani," alisema Mzee. "Atapita njia yoyote, mradi arudi na chumvi." Kwa miaka mitatu nilikuwa mwanafunzi wake pekee. Alikuwa akinisifu kwa kukohoa mara moja na kusema "Haya." Kikohozi kile nilikisubiri wiki nzima.

Kisha akaja Hamisi.

Alitoka Mumias, kijana mrefu mwenye sauti ya chini na salamu ndefu. Alikuwa amefanya kazi chumba cha plasta kabla ya kwenda chuoni, kwa hiyo mifupa aliijua kwa vidole kabla hajaijua kwa vitabu. Ningependa kusema alikuwa na majivuno. Hakuwa nayo, na hilo lilinikera kuliko majivuno yenyewe. Aliniita Dada Rozi tangu asubuhi ya kwanza, akanipisha kitanda cha dirishani, akanawa vikombe vyetu vya chai bila kuambiwa. Mzee Ambani alianza kumwita "mwanangu" kabla mwezi haujaisha. Mimi aliniita Rozi.

Wagonjwa nao wakageuka. Mama mmoja niliyemkanda mgongo miezi minne alikaa kwenye benchi asubuhi nzima, nami nimekaa sina mtu. Nikamwita. Akasema, "Wacha tu Sista, nangojanga huyu kijana. Yeye mkono yake haina haraka." Nikarudi ndani, nikapanga mifuko ya mchanga ambayo ilikuwa imepangwa.

Lakini kilichoniuma hasa ni ile karatasi. Hamisi alikata vipande virefu kutoka bahasha kuukuu za picha za eksirei, upana wa vidole viwili. Akitaka kupima mzunguko wa nyonga, alimketisha mgonjwa juu ya kipande kimoja, chini ya tako la upande anaoupima, na ncha akampa mgonjwa mwenyewe aishike. "Vuta polepole," alimwambia, "ikitoka uniambie." Kisha anausogeza mguu nje. Mgonjwa akiwa amekaa sawasawa, karatasi haitoki. Nyonga ikifika mwisho wake, kiuno huanza kusaidia, tako linanyanyuka kidogo tu, karatasi inateleza na mgonjwa anasema, "Imetoka." Hapo Hamisi husimama na kusoma. Zaidi ya hapo, alisema, unapima kiuno.

Mzee Ambani alipoona mara ya kwanza, alimwomba arudie. Akaketi yeye mwenyewe juu ya karatasi akavuta kama mtoto, akicheka. Alikohoa mara mbili siku hiyo. Miaka mitatu, na mimi sikuwahi kukoholewa mara mbili.

Nikawa naiita ile karatasi bahasha ya Mumias. Niliwaambia wauguzi kwamba sisi wengine tuna chombo cha chuma chenye namba, hatuhitaji kuuliza makalio ya mtu. Walicheka, na mimi nilikunywa kicheko chao kama uji wa moto. Niliapa kwamba karatasi ile haitakaa juu ya kitanda changu.

Basi ikaja Jumatatu moja, mwaka wa pili wa Hamisi kwetu, akaletwa Nafula. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili kutoka upande wa Mayoni, mrefu na mnene kwa umri wake, anayechechemea na mguu wa kulia umegeukia nje. Mama yake ni mkulima wa miwa. "Hii mtoto anaumwanga goti," alisema mama. "Tangu wakati wa kupalilia." Picha ya goti ilikuwa safi. Daktari, kijana mgeni hapo, alitaka jibu moja kutoka kwetu: nyonga inazunguka? Kama inazunguka, ni goti tu, aende nyumbani na mazoezi. Kama haizunguki ndani, basi huenda kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kutoka mahali pake. Ugonjwa huo huwapata watoto wa umri ule, nao hudanganya kwa kuumiza goti. Mfupa ukiwahiwa, unafungwa kwa skrubu na mtoto anatembea. Ukichelewa, ukateleza wote, anabaki na mguu mfupi na nyonga ngumu maisha yake yote.

Hamisi alimpima. Akaandika chini ya nyuzi kumi mzunguko wa ndani, na alama tatu kwa msuli wa pembeni. Upande wa kushoto ulikuwa na nyuzi arobaini. Daktari akaona tofauti ni kubwa mno, akaomba mtu mwingine arudie.

Nilimpima Jumanne asubuhi, Hamisi akiwa wodini. Nawaambia kama ilivyokuwa: nilipoyasoma aliyoyaandika Hamisi nilitamani awe amekosea. Sikupanga kudanganya. Nilitaka tu namba nyingine, na mkono unaotaka namba huipata. Nilimketisha Nafula ukingoni, nikaweka chombo vizuri kama nilivyofundishwa, nikausogeza mguu. Alikunja uso na kuinamia kushoto. Nikaona anainama. Nikasoma nyuzi ishirini na tano. Nikamlaza ubavu, akainua mguu huku akijigeuza nyuma, nikampa nne. Kila udanganyifu niliofundishwa kuuona niliuona, nikaupita kama jirani niliyekosana naye.

Daktari aliuliza nimetumia nini. Nikasema goniomita. Akauliza mwenzangu alitumia nini. Nikasema, "Yeye hutegemea karatasi." Hilo lilikuwa nusu ya kweli, maana Hamisi alitumia vyote viwili. Daktari akaandika goti, akampa Nafula bendeji na mazoezi, arudi baada ya mwezi. Mama akanishukuru.

Jumatano kwenye chai Mzee Ambani alisema mbele ya wote, "Ndiyo maana nasemanga, chuma kipime, mtu asome. Rozi ana jicho." Akakohoa. Hamisi akaitikia kwa kichwa, akasema atajifunza. Nilikula maandazi matatu.

Alhamisi mchana alikuja mwalimu wa useremala kutoka Sigalagala, aliyeanguka kutoka paani mwaka uliotangulia na nyonga yake ikakakamaa. Hamisi hakuwepo. Nilimpima kwa njia yangu nikapata thelathini. Nilikuwa na furaha bado ya jana yake, na katika furaha ile nikaamua niijaribu karatasi mara moja, nione upuuzi wake kwa macho yangu. Nikachukua kipande kutoka droo ya Hamisi, nikamketisha mwalimu juu yake.

"Vuta polepole," nikamwambia.

Mguu haukufika popote. "Sista, imetoka," akasema.

Nikasoma nyuzi kumi na tano. Nikarudia. Kumi na nne. Nikarudia tena, mwalimu akaniuliza kama kuna tatizo. Nilikuwa namwangalia yeye lakini namwona Nafula anainamia kushoto. Zile nyuzi ishirini na tano hazikuwa za nyonga. Zilikuwa za kiuno chake, na za kwangu.

Sasa mtasema, si ungekimbia kwa daktari saa hiyo hiyo. Ndiyo. Faili lilikuwa kabatini, daktari alikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu, na gari la kliniki ya vijijini lilikuwa limeegeshwa uani. Nilijua mtoto yule anatembea juu ya mfupa unaoteleza. Lakini kusema kungekuwa kuirudisha sifa ya Jumatano, na kumpa Hamisi. Nikajiambia huenda mwalimu ni tofauti. Nikajiambia nitasema kesho. Ijumaa Mzee alinituma nimfundishe Hamisi kupima kifundo cha mguu, nikamfundisha nikiwa na raha kabisa. Jumamosi nilifua. Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba sauti ya pili.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Hamisi ameshika faili la Nafula. Nilidhani amegundua. Akavuta kiti karibu yangu.

"Dada Rozi, huyu mtoto hanitoki. Nimekosea wapi? Nionyeshe ulimshika vipi. Kama nampima hivyo kila mtu, nimeumiza wengi."

Hakuwa na kejeli. Niliitafuta kejeli usoni mwake, maana ningeipata ningenyamaza. Hakuwa nayo.

"Hukukosea," nikasema. "Mimi ndiye sikushika kiuno. Nimejua tangu Alhamisi."

"Alhamisi?"

"Alhamisi."

Alilifunga faili. Kisha akasimama. "Twende tuombe gari," akasema. Hakuongeza neno, si njiani, si baadaye. Ningependa angenitukana. Hata hasira zake aliziweka mahali pazuri kuliko mimi.

Tulifika Mayoni kabla ya saa sita. Mama Nafula alitoka jikoni akatuona, akaweka mikono kichwani. "Mulembe," akatusalimu. "Nani amewaambia?"

Hatukuelewa. Akatuingiza ndani. Nafula alikuwa amelala mkekani, mguu wa kulia umelala nje kabisa kama mlango uliochomoka bawaba. Jana yake alikuwa ametoka kuteka maji na mtungi wa lita ishirini, akateleza kwenye udongo, akasikia kitu kinakatika ndani ya nyonga. Tangu hapo hasimami. Bibi yake alikuwa amempaka mafuta, na mtu wa kuvuta mifupa alikuwa ameitwa aje jioni.

"Jana saa ngapi?" nikauliza, kana kwamba saa ingenisaidia.

"Kama saa kumi. Mungu ndiye amewatuma, Sista. Mungu ameona."

Hamisi alipiga magoti, akamsalimu mtoto kwanza, akamwambia bibi kwa upole kwamba mguu usivutwe na mtu yeyote. Tukaomba ubao, tukamfunga miguu pamoja na mito katikati, tukamwinua. Njia nzima Hamisi alikuwa ameshika mkono wa mtoto. Mimi nilikaa mbele na dereva.

Alipelekwa kwa mpasuaji wa mifupa mji mwingine, akatiwa skrubu, akarudi kwetu baada ya wiki kadhaa kwa magongo. Mzee Ambani aliuliza nani aligundua kosa. Hamisi akasema, "Dada Rozi. Aliona kiuno hakikushikwa, akaniambia, tukaenda." Kila neno lilikuwa la kweli. Mzee akakohoa. Nilikipokea kile kikohozi pia, nikaenda kukitafuna peke yangu nyuma ya chumba cha kufulia, na hakikumezeka.

Mama Nafula hakutaka mwingine amguse mtoto wake. "Huyu Sista ndiye alikuja kututafuta," aliwaambia watu kwenye benchi, "huyu ndiye atampima." Kwa mara ya kwanza tangu Hamisi afike kulikuwa na mtu anayenisubiri mimi, na Hamisi ndiye anayekaa pembeni. Kila mwezi nilimketisha Nafula, Hamisi akamshika kiuno, nikasoma. Nyuzi sita. Nyuzi tisa. Nyuzi kumi na mbili. Hapo pakawa mwisho. Nguvu zilipanda vizuri, maana alikuwa mtoto mwenye bidii, mpaka nne ya kweli. Mguu ulibaki mfupi kwa upana wa kidole gumba. Fundi wa viatu alimwekea soli nene.

Mara ya mwisho alikuwa ametimiza miaka kumi na minne. Alivaa viatu, akajitazama kwenye kioo akitembea, akarudi kuketi. Akamtazama Hamisi.

"Daktari, kama mngekuja kabla sijaanguka, mguu ungekuwa sawa?"

Hamisi alikuwa anakunja shuka. Hakuinua kichwa. "Muulize Sista," akasema. "Yeye ndiye alikupima."

Nafula akanigeukia. Alikuwa na macho ya mtoto anayeuliza kitu kwa sababu anataka kukijua, si kwa sababu anakulaumu. Alikuwa na furaha hata, viatu vilikuwa vipya.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ungekuwa hivyo hivyo."

Akaitikia, akafunga kamba za viatu. Hamisi aliweka shuka juu ya kitanda, akaenda mlangoni kuita mgonjwa anayefuata. Kazini tulikaa pamoja miaka mingi baada ya hapo, na sikumwonea tena wivu kwa mikono yake, wala kwa Mzee, wala kwa benchi iliyojaa. Nilimwonea wivu kwamba Nafula akija kutusalimu sikukuu, Hamisi angeweza kumtazama usoni.

Siku hizi Nafula ana duka la vitambaa Mumias. Nimepita mbele yake mara nyingi, na kila mara ananiita ndani, ananipa kiti, anawaambia wateja mimi ndiye niliyemwokoa. Alhamisi ile mguu wake ulikuwa bado mzima. Nyinyi mnaosoma hapa mmejua kabla yake.